Uzi: Mbeya hadi Unguja na watoto, likizo ya Desemba. Njia, boti, pwani ya kulala na saa za maji

#1 MwanaUyole

Wakuu, habari za wakati huu. Tunapanga kwenda Unguja wiki ya pili ya Desemba shule zikishafunga. Tupo watano: watu wazima wawili na watoto wa miaka 11, 7 na 3. Tunatokea Uyole. Siku tulizonazo ni nane, kwenda na kurudi humo humo. Watoto maji wanayoyajua ni ya Ziwa Nyasa pale Matema tu.

Naomba majibu ya vitendo kwa haya: njia isiyowachosha watoto, vitambulisho na tiketi za boti, upande wa kisiwa wa kulala, na dawa na chakula cha huyu mdogo. Picha nzuri tumeshaziona za kutosha. Nataka kujua yale ambayo picha hazionyeshi.

#2 KitongaMbezi

Mkuu, nianze na barabara maana ndiyo inayokula siku zenu.

Mbeya hadi Dar ni kilomita mia nane na ushee. Basi la saa 11 au 12 alfajiri linaingia Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis kuanzia saa 1 usiku, na lori likilala kwenye mlima wa Kitonga inaweza kufika saa 4 au zaidi. Kwa hiyo siku hiyo futa habari ya boti. Lala Dar, boti kesho yake.

Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena Oktoba 2023, na wengi wanayapenda kwa kuwa unaokoa hela ya gesti. Kwa mtoto wa miaka mitatu sishauri. Analala vibaya, anafika Mbezi asubuhi amekasirika, halafu unampakia kwenye daladala la kwenda mjini wakati jiji zima linakwenda kazini, na baada ya hapo boti. Hiyo hela ya gesti mtailipa kwa namna nyingine.

Wakitapika watoto, mara nyingi ni Kitonga. Kosa ni lile lile: basi linasimama Iringa, watoto wanashindiliwa chipsi mayai na maziwa, na baada ya Ilula mlima unaanza kushuka kwa kona. Wape mlo wa kushiba kabla, Makambako au Mafinga. Iringa wapeni ndizi au mkate mkavu na maji kidogo. Wakishavuka Ruaha Mbuyuni wale watakacho. Kata viti vya katikati ya basi, mbali na matairi ya nyuma, na mtoto atazame mbele, asitazame simu.

Nguo: Uyole mnatoka na masweta na mvua ya Desemba. Kuanzia Mahenge joto linapanda ghafla. Mvalisheni fulana nyepesi ndani, sweta juu, livuliwe njiani. Begi la nguo nyepesi liwe mkononi, lisiende kwenye buti.

#3 Mama_Kihesa

Nyongeza kwa sisi wa Iringa, na hata wa Mbeya wanaotaka kukata safari vipande viwili. Shukeni Morogoro, Msamvu. Panda bajaji hadi stesheni ya SGR Kihonda, kisha treni hadi Dar. Ni kama saa mbili hivi, hakuna foleni ya Mlandizi wala Kibaha, na unashukia katikati ya jiji, si mbali na gati la boti. Kutoka Iringa ukipanda basi la asubuhi pale Igumbilo, treni ya jioni unaiwahi vizuri. Kutoka Mbeya ni salama zaidi kulala Morogoro na kupanda treni ya asubuhi.

Tiketi ya SGR ikatwe mapema, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Desemba zinaisha haraka.

Wenye uwezo wa ndege: Songwe ipo, upande wa Tunduma. Ila msimu huu wa mvua mawingu hushuka na ndege za asubuhi huchelewa. Ukikata ndege ya Songwe–Dar na nyingine ndogo ya Dar–Unguja kwa tiketi mbili tofauti, acha nafasi ya saa nne au tano kati yake. Ukiachwa na ya pili, tiketi imekufa na hakuna wa kukurudishia.

#4 MwanaUyole

Asanteni sana. Treni ya Kihonda sikuwa nimeifikiria kabisa. Boti sasa?

#5 GatiLaMalindi

Karibu, kaka. Boti za kasi ni za Azam Marine na Zan Fast Ferries. Safari ni kama saa mbili. Gati la Dar lipo barabara ya Sokoine, mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Ukija na mwendokasi kutoka Kimara, shuka Posta ya Zamani, utembee dakika chache.

Vitambulisho: mtu mzima awe na NIDA, pasipoti, leseni au kadi ya mpiga kura. Watoto wote watatu, cheti cha kuzaliwa. Chukua cheti halisi na nakala. Watoto wana nauli yao, na cheti ndicho kinachothibitisha umri. Kama kuna mtoto wa ndugu mnayekwenda naye, beba barua ya wazazi wake yenye namba zao za simu. Ile bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje ya nchi. Nyinyi haiwahusu, na mtu akikuuzia pale gatini, mkatae.

Tiketi: kata kwenye ofisi ya kampuni au mtandaoni. Nje ya geti utakutana na vijana watakaokushika begi na kukuambia boti imejaa, "ila mimi nina nafasi". Usitoe kitambulisho wala hela nje ya dirisha la ofisi. Kitambulisho kikishakuwa mkononi mwake, umekwisha kuwa mteja wake. Wiki ya pili ya Desemba nafasi bado zipo. Kuanzia tarehe 20 hivi hadi baada ya mwaka mpya boti hujaa, na tena karibu na tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi. Kata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja.

Fika gatini saa nzima kabla ya boti kuondoka. Mizigo inapita mashine, na foleni ya familia ni ndefu.

Mahali pa kukaa ndani ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Boti huruka zaidi puani. Kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma. Watoto hukimbilia juu mbele waone bahari, na baada ya nusu saa ndio wa kwanza kuomba mfuko. Desemba kaskazi inaanza kuvuma, kwa hiyo mawimbi mtayakuta zaidi wakati wa kwenda, kurudi ni nafuu. Wanaosafiri Juni hadi Agosti ni kinyume: kusi inawasukuma wakienda na inawakabili wakirudi.

Mkishuka Malindi, gati la Unguja, mtaonyesha vitambulisho. Nje ya geti kuna papasi, yaani madalali wanaowinda wageni. Wasalimie kwa heshima, sema "tumeshapata mwenyeji, asante", endeleeni. Gari liwe limeshakubaliwa kwa simu, na bei iwe ya gari, isiwe ya kichwa.

#6 Nesi_Igawilo

Naomba niongelee afya, maana watoto wa nyanda za juu wana mambo yao.

Kichefuchefu cha boti na cha Kitonga ni kimoja. Dawa inamezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza safari. Ukisubiri mtoto aanze kutapika, ataitapika na dawa. Promethazine, mojawapo ya dawa hizo, haipewi mtoto aliye chini ya miaka miwili. Huyu wa miaka mitatu anaweza kupewa, lakini kwa kipimo cha uzito wake, hivyo apimwe uzito na mfamasia aandike kiasi kwa mililita. Usigawe kidonge cha mtu mzima kwa macho. Atasinzia, kwa hiyo asiachwe peke yake kwenye kiti.

Malaria: Unguja imepunguza malaria hadi kiwango cha chini sana. Hatari kubwa kwenu ipo njiani, Morogoro na Dar. Watoto waliokulia Uyole, Iringa au Njombe hawajaumwa mara kwa mara, hivyo miili yao haina kinga, na homa ikiwapata inawaangusha haraka. Mkilala Morogoro au Mbezi, neti ni lazima. Chukua moja ya kwenu, usitegemee ya gesti iliyotoboka. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mpelekeni kupima na mwambieni mhudumu kwamba mlikuwa pwani. Mtu wa zahanati ya Mbeya anaweza kuanza kufikiria mafua.

Dengue nayo hutokea Dar na Unguja, na mbu wake huuma mchana. Mafuta ya mbu yapakwe asubuhi pia.

Harara: siku ya pili au ya tatu mtoto atatoka vipele vidogo shingoni, kifuani na kwenye mikunjo. Ni jasho limeziba. Tiba ni kuoga maji ya kawaida, kumkausha vizuri, pamba nyepesi na kivuli. Msimpake mafuta mazito ya mgando tuliyoyazoea kwa baridi ya kwetu, ndiyo yanayozidisha.

Jua: kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ndilo kali. Losheni ya kuzuia jua ni nzuri lakini ndani ya maji inatoka, hivyo fulana ya mikono mirefu inamsaidia mtoto zaidi. Avae nayo anapoogelea.

ORS pakiti sita, kila moja lita moja ya maji safi, na iliyobaki baada ya saa 24 mwageni. Zinki kwa huyo mdogo akiharisha. Paracetamol ya maji. Kipimajoto. Kibano kidogo. Mengine yote Unguja yanapatikana.

#7 DadaWaNjombe

Nesi, kibano cha nini?

#8 Nesi_Igawilo

Miiba, dada. Kwenye miamba na majani ya bahari kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Mwiba unaochomoza utoe kwa kibano taratibu. Uliokatikia ndani usichimbe na sindano, maana unavunjika vipande vipande na kidonda kinaoza. Loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia, nusu saa au zaidi. Mzazi ajaribu kwanza kwa mkono wake, mtoto mwenye maumivu hasemi ukweli kuhusu joto la maji. Ukibaki kwenye kiungo, nendeni hospitali.

Konyeza, yule kiumbe wa bahari laini kama jeli, akimwasha mtoto, suuza kwa maji ya bahari. Maji baridi ya bomba yanazidisha mwasho. Msisugue na mchanga.

#9 Bamvu_na_Mafu

Mleta uzi, kwenye maji ndipo ilipo likizo yenyewe, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Ziwa Nyasa halijai wala halikupwi. Maji ya Matema ukiyaacha asubuhi, jioni unayakuta pale pale. Unguja bahari inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu: tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa inakaribia mita 4. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti inakuwa mita moja na kitu.

Sasa chukua ramani. Pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa, hadi Michamvi, Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba mrefu mbali na ufukwe, na ndani yake ni bwawa la maji machache. Maji yakikupwa, bahari inaondoka kilomita moja au zaidi. Familia inayofika saa 4 asubuhi siku ya bamvu inakuta tope la mchanga, mwani na mashua zimelala ubavu. Wanadhani wamedanganywa. Saa 10 alasiri pale pale pana maji ya kijani hadi kwenye ngazi za hoteli.

Hesabu yake ni rahisi, ishike. Siku ya mwezi mpevu na siku ya mwezi mwandamo, maji yanajaa kabisa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na yanakupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata sogeza mbele kwa wastani wa dakika 50. Baada ya wiki moja hesabu imepinduka, maji yanajaa saa 4 asubuhi na yanakupwa saa 10 alasiri, ila kwa udogo kwa kuwa ni mafu. Baada ya siku kumi maji yanajaa mchana kati. Kwa kuoga upande wa mashariki, hesabu saa mbili kabla ya kujaa na saa mbili baada yake.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, fungua kalenda uone mwezi. Mkiangukia bamvu na mko Jambiani, ratiba inajipanga: asubuhi mnatembea juu ya mchanga kuona viumbe na mashamba ya mwani, adhuhuri kivuli na usingizi wa mdogo, saa 8 hadi saa 12 jioni ni kuoga. Ni siku nzuri sana kwa watoto. Mkiwa Nungwi au Kendwa, kaskazini, maji hayaendi mbali na mnaoga karibu saa zote.

Hatari zilizopo ni tatu, na watu wa bara huziona mbili tu.

Ya kwanza, kina cha kudanganya. Matema mtoto akipiga hatua chache yamemfika kifuani, kwa hiyo amezoea kubaki ukingoni. Jambiani anatembea mita mia mbili maji yakiwa magotini, wazazi wanaona magoti wanastarehe. Mtoto wa miaka 7 yuko mbali kiasi kwamba sauti haimfikii, na maji yameanza kujaa.

Ya pili, mlango wa mwamba, yaani uwazi kwenye ule mwamba mrefu. Maji yakikupwa, bwawa lote linatokea kwenye uwazi huo na mkondo wake mtu mzima hauwezi. Ulizeni wavuvi mlango uko wapi na msiogelee upande huo wakati maji yanatoka.

Ya tatu ndiyo isiyoonekana. Mkitembea kwenda mwambani maji yakiwa yamekupwa, kumbukeni mwamba uko juu kuliko sehemu mliyoipita. Maji yakigeuka yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe. Mtu amesimama pakavu anapiga picha, nyuma yake pameshakuwa kiunoni. Ondokeni ufukweni saa moja na nusu kabla ya kukupwa kabisa, na saa ya kukupwa ikifika geuzeni, hata kama hamjafika. Nendeni na mwenyeji. Viatu vya kufunika vidole ni lazima, yeboyebo zinafaa. Kandambili zinachomoka kwenye tope.

Na mashamba ya mwani: zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni mali ya akina mama wa kijiji. Zungukeni, msikanyage wala kuruhusu watoto kuvuta.

#10 Mama_Kihesa

Hapo kwenye saa ya kugeuza umesema jambo kubwa. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu si wangeenda tu Kendwa wasihangaike na mahesabu?

#11 Bamvu_na_Mafu

Kama wangekuwa na siku mbili tu za pwani na zikaangukia maji kukupwa mchana, ningesema Kendwa bila kusita. Ipo upande wa magharibi, kaskazi haiipigi moja kwa moja, na ufukwe ni mchanga mtupu. Ubaya wake: kina kinashuka mapema kuliko Jambiani, mashua za wageni zinapita karibu, muziki usiku, na bei ziko juu.

Jambiani ni kijiji. Bwawa lake kwa mtoto mdogo ni salama kuliko bahari wazi ilimradi saa zizingatiwe. Paje ni jirani, lakini upepo ukianza wanajaa wanaoteleza kwa tiara. Kamba za yale matiara ni kali na zinakatiza kwa kasi kwenye maji ya magotini, ambayo ndiyo maji ya watoto. Kulala Paje sawa, kuogesha watoto shukeni kusini.

#12 DadaWaNjombe

Mimi naomba niseme kuhusu nyumba na chakula, kwa familia ya watano hapo ndipo hela inapookolewa.

Msikate kupitia mitandao ya dola kabla hamjapiga simu. Nyumba nyingi za wageni zina bei ya mkaazi kwa shilingi, hawaiweki mtandaoni. Piga, jitambulishe, uliza "bei ya Mtanzania ni ngapi, na watoto mnawahesabu kuanzia umri gani". Tafuteni nyumba yenye jiko na friji, vyumba viwili. Milo mitatu hotelini kwa watu watano ndiyo inayomaliza bajeti.

Uliza maswali haya kabla ya kutuma hela: maji ya bomba ni ya chumvi? (Vijiji vya pwani visima vingi vina chumvi, ya kuoga sawa, ya uji wa mtoto hapana.) Kuna feni inayofanya kazi umeme ukikatika? Neti inaenea kitanda chote? Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua ngapi, na kuna barabara katikati?

Maji ya kunywa nunueni madumu makubwa mkiwa mjini. Hesabuni lita mbili na nusu kwa mtu mzima kwa siku, watoto lita moja na nusu, na ya kupikia juu yake. Viazi na mchele kule vipo ila bei si ya Mwanjelwa. Kilo tano za mchele wa Kyela kwenye begi zinawatosha. Unga wa lishe wa mdogo bebeni, msije kuanza kumjaribishia mwingine safarini.

Samaki: ufukweni mashua zikirudi, au sokoni Darajani asubuhi. Changu na tasi wana miiba midogo. Kwa mtoto nunueni nguru au jodari, mnofu wake hauna miiba ya kujificha. Macho yawe maangavu, mashavu mekundu ndani, na nyama ukiibonyeza irudi. Baada ya saa 6 mchana bila barafu, acheni.

Hela: ATM nyingi ziko mjini. Vijijini ni za kutafuta. Toeni ya kutosha kabla ya kutoka mjini.

#13 MwanaUyole

Ubarikiwe dada. Nimejaribu kupanga: siku ya 1 Mbeya–Dar. Ya 2 boti ya asubuhi saa 1, tulale Mji Mkongwe. Ya 3 kisiwa cha Changuu na mashamba ya viungo. Ya 4 Nungwi na kuzamia kisiwa cha Mnemba. Ya 5 Kizimkazi kuona pomboo. Ya 6 Jambiani. Ya 7 boti kurudi. Ya 8 Dar–Mbeya. Mnaonaje?

#14 GatiLaMalindi

Kaka, hiyo ni ratiba ya watu wazima wawili wasio na mizigo. Mtakuwa garini kila siku. Nungwi peke yake kutoka mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari, na kwa daladala namba 116 ni kama saa mbili, mizigo juu.

Rekebisha hivi. Siku ya 1 mkifika Mbezi usiku, laleni huko huko au Kimara. Siku ya 2 acheni boti ya saa 1 asubuhi, itawalazimu kuamsha watoto saa 9 usiku. Subirini foleni ya asubuhi ipungue, tokeni baada ya saa 3, pandeni boti ya mchana. Jioni ni kupumzika na kutembea Forodhani. Siku ya 3 Changuu asubuhi, bahari ikiwa tulivu, mchana mlale, jioni vichochoro vya Mji Mkongwe. Siku ya 4 kuelekea Jambiani kwa gari la kukodi, njiani mnasimama msitu wa Jozani kuona kima punju. Siku ya 5 na ya 6 ni Jambiani bila ratiba ya gari. Siku ya 7 asubuhi mjini, boti ya mchana, kulala Mbezi. Siku ya 8 basi la alfajiri. Mkienda na hela ndogo, daladala 309 ndiyo ya Jambiani na inapita Jozani. Stendi za mjini zimehamahama tangu ujenzi wa Darajani, ulizeni namba, msiulize stendi.

Mnemba iacheni. Ni bahari wazi, mashua inarushwa, na wa miaka mitatu hatafaidi chochote. Kizimkazi nako acheni. Mashua kumi zinawafukuza pomboo wachache, si jambo la kufundisha watoto. Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, msiiwekee bajeti ya kuingia, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ngome Kongwe ipo jirani, ingieni hapo.

Changuu: mashua zinatoka Forodhani na Shangani, kama nusu saa. Makobe wa huko walitoka Shelisheli mwaka 1919. Watoto wawalishe majani kwa mkono uliokunjuliwa, wasiwakalie migongoni. Kabla ya kulipa nahodha, mwambie atoe jaketi okozi za watoto uzione. Mvalishe huyo mdogo, funga vifungo vyote, shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa na majini litamponyoka. Liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Hana la saizi yake, tafuta mashua nyingine, nahodha akinuna anune.

#15 Mama_Kihesa

Na mavazi jamani. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Kupita kijijini au mjini, mama ajifunge kanga, baba avae shati, binti wa miaka 11 naye awe na kanga yake. Salamu kwanza kabla ya kuuliza bei. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa swala, nunueni mapema. Wanaosoma uzi huu kwa ajili ya likizo nyingine waangalie kama itaangukia Ramadhani: mchana migahawa mingi imefungwa na si adabu kula hadharani. Mtoto alishwe ndani.

#16 MakambakoMjini

Samahani kuingilia. Vipi Mafia badala ya Unguja? Nasikia papa potwe wanaonekana Desemba.

#17 Bamvu_na_Mafu

Ni kweli, papa potwe wanaonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, na hifadhi ya bahari ya Mafia ni ya kwanza nchini, tangu 1995. Mahali pazuri mno. Lakini kivuko kinatoka Nyamisati, Kibiti, kwa hiyo kutoka Mbeya mna Dar ya kulala, Kibiti au Nyamisati ya kulala, kisha kivuko cha saa kadhaa. Nendeni watoto wakiwa na miaka kumi na kuendelea, wanaojua kuogelea na kupumua kwa mrija, na muwe na siku kumi au zaidi. Kwa wa miaka mitatu, Unguja.

#18 MwanaUyole

Nimeelewa, ratiba ya GatiLaMalindi ndiyo nitakayoifuata. Nimeangalia kalenda: siku zetu mbili za Jambiani zinaangukia siku ya tatu na ya nne baada ya mwezi mpevu. Kwa hesabu ile maji yanajaa saa 12 na nusu jioni na kuendelea. Hiyo si mbaya?

#19 Bamvu_na_Mafu

Inatosha, ila si kwa uvivu. Yakijaa saa 12 na nusu jioni, maana yake yanakupwa karibu saa 6 na nusu mchana, jua likiwa utosini. Hapo msiende mwambani na watoto, joto litawamaliza. Dirisha lenu la kwanza ni asubuhi: yamejaa karibu saa 12, hivyo saa 12 na nusu hadi saa 2 yangali mengi na jua ni la upole. Amkeni, ogeni kwanza, chai baadaye. Dirisha la pili ni kuanzia saa 10 na nusu jioni, maji yakiwa yanaingia. Hilo ndilo la huyo mdogo, kwa kuwa maji yanayoingia yanamsukuma kuelekea ufukweni. Jua likizama mtoeni hata kama maji bado mazuri. Siku ya pili sogezeni yote mbele kwa dakika 50.

Mkifika, mwulizeni mvuvi yeyote "leo maji yanajaa saa ngapi", mlinganishe na hesabu yenu. Mkitofautiana, fuateni ya mvuvi.